Ya Mguu wa Nani

Siku ya pili ya matanga ya Mzee Adan, gari langu lilikataa kupanda kile kilima kidogo cha kuingilia mtaa wa Huruma. Injini ilipiga kelele kama kawaida yake, lakini magurudumu yalijikokota kana kwamba habari hazijayafikia. Kisha ikaja ile harufu ya kitu kama kucha zilizochomwa, ambayo yeyote aliyewahi kushinda gereji anaijua. Klachi ilikuwa imekwisha. Nilicheka peke yangu mle ndani, kicheko kibaya, kwa maana mtu aliyeishughulikia klachi hiyo miaka yote ndiye niliyekuwa nikienda kumlilia. Kwao mtu huzikwa siku ile ile, kwa hiyo mazishi yalikuwa yamenipita, na sasa hata kufika kutoa pole nilikuwa nafika kwa kuchechemea.

Yusuf, mwanawe, alitoka kwenye hema la wanaume kabla sijazima injini. Alikuwa ameisikia harufu. Ndiye mwenye gereji siku hizi, na ana kompyuta ya kuyauliza magari yanaumwa wapi, lakini harufu hiyo haihitaji kompyuta. Alinisalimu kwa mikono miwili, akapokea pole zangu, akainama kutazama chini ya gari akiwa na kanzu yake nyeupe bila kugusa kitu. Alisema niliache hapo hapo, siku za matanga zikiisha atashusha giaboksi. Akanieleza pia, kwa upole wa kuzungumza na mtu mzima, kwamba siku hizi kuna klachi za kila aina. Kuna ya kawaida, kuna ngumu za vipande vya shaba wanazopenda vijana wa mbio, na flaiwili nayo inaweza kuchongwa iwe nyepesi, injini iamke haraka. Kisha akauliza swali alilorithi pamoja na spana za babake.

"Ni ya mguu wa nani, Mwalimu?"

Nikamwambia kwanza niende nimwone mamake.

Lazima nilieleze swali hilo, maana nje ya gereji ile halina maana. Watu walikuwa wakija kwa Adan na maneno mengi kuhusu nguvu za injini zao, na walivyosikia Nairobi watu wanafunga nini. Yeye alikuwa akiwasikiliza huku akitazama viatu vyao. Mkulima mwenye gambuti zito, mama wa soko mwenye ndara, kijana mwenye raba mpya, wote waliulizwa jambo hilo hilo kabla ya mengine yote. Alikuwa akisema injini haina mguu. Klachi ni kati ya gari na mtu, na fundi anayesahau mtu atafunga kitu kizuri ambacho hakitamfaa yeyote. Hakukubali hata siku moja kufunga klachi kwa mtu asiyemjua. Ukituma dereva wako, atakwambia uje mwenyewe, ukanyage akikuona.

Mama Yusuf alikuwa ameketi chumbani mwake, kile kile kilichopakana na gereji, kilichotengwa nayo kwa ukuta wa mabati tu. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka. Alinivuta nikaketi karibu naye, akashika mkono wangu. Mtu akaniletea chai ya maziwa yenye iliki na sambusa mbili. Niliutazama ukuta ule wa mabati, ambao sasa umepakwa rangi ya samawati, nikajikuta nimerudi mwaka ambao nilikula katika chumba hiki zaidi kuliko nilivyokula kwangu.

Nilikuwa mwalimu mgeni, sijafikisha hata miaka ishirini na mitano, na nilikuwa nimeolewa na Kibet kwa muda usiotosha kuchakaza sufuria za harusi. Tulikaa mtaa wa West Indies, hapa hapa mjini, vyumba viwili na jiko lenye dirisha la kutazama ukuta wa jirani. Kibet alikuwa msimamizi wa matrekta katika shamba la ngano upande wa Sugoi. Alikuwa mrefu kiasi kwamba mezani magoti yake yalikuwa yanainua kitambaa, na alikuwa na kichaa kimoja tu, nacho ni mbio za magari. Ngano ikishavunwa, klabu ya hapa ilikuwa ikiomba shamba lililobaki mabua, inachora njia ya kupanda na kushuka, na watu wanashindana na saa. Gari letu lilikuwa saluni nyeupe iliyochakaa, aliyoinunua kwa mkulima aliyekuwa amechoka nayo. Mimi nilikuwa msomaji wake wa njia. Mlangoni tulikuwa tumeandikwa kwa rangi nyekundu, Kibet juu, Jerotich chini. Siku hizo bado nilikuwa Jerotich. Baadaye nilikuja kuwa Mwalimu kwa wazazi wa mji mzima, na jina hilo likala lile lingine.

Klachi alinifundisha kwa chakula cha jioni. Aliweka sinia mezani, akasema hii ndiyo flaiwili, gurudumu la chuma linalozunguka nyuma ya injini. Akaweka chapati juu yake, akasema hiyo ndiyo pleti ya klachi, inayopeleka nguvu kwenye gia. Juu ya chapati akaweka kifuniko cha sufuria, chenye springi za kubana. Ukikanyaga, kifuniko kinainuka na chapati inakuwa huru. Ukiachilia, inabanwa, na gari linaondoka. Sinia likiwa zito, halisimami haraka likishazunguka, kwa hiyo gari linaondoka taratibu na halizimiki ovyo hata kwenye udongo laini. Likiwa jepesi, injini inaruka na kushuka kama mbuzi, tamu sana kwa anayejua, lakini ukikosea kidogo tu inazima. Na springi za kifuniko zikiwa kali, pleti haitelezi kamwe, ila mguu utalipa. Alipomaliza kueleza aliila pleti na maharagwe, nami nikamwambia sasa gari lako halitaondoka.

Mwanzoni mwa mwaka ule pleti ya zamani iliungua. Kibet aliichukulia kama habari njema, maana alikuwa anatafuta sababu. Wenzake wa klabu walimpa ushauri gerejini, kila mmoja akipiga kelele kumshinda mwenzake, na kwa mara moja katika maisha yao wote walikubaliana. Hewa ya huku juu ni nyembamba, walisema, injini ina pumzi kidogo, kwa hiyo ipunguziwe mzigo. Flaiwili nyepesi, klachi ya vipande vya shaba, springi kali. Adan aliuliza swali lake. Kibet akapiga paja lake la kushoto na kusema ni ya mguu huu hapa, mguu wa Mkalenjin, umepanda milima tangu uzaliwe. Watu walicheka. Adan alimtazama akikanyaga, akafunga alivyoombwa.

Klachi ile ilikuwa ngumu kama kusukuma ukuta. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiikanyaga kila bomba lake la mafuta lilipotolewa hewa. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja chini ya gari na mwingine kwenye kiti, na kila ilipofika saa yake Kibet alikuwa amekwenda kununua kitu. Basi mimi nilivua viatu vya shule, nikasogea ukingoni mwa kiti kwa ufupi wangu, na sauti ya Adan ikatoka chini ya sakafu. Kanyaga. Shika. Achilia. Kanyaga. Shika. Achilia. Mwanzoni paja langu lilitetemeka hata nikaona aibu. Baadaye lilizoea. Nikimaliza, Mama Yusuf alikuwa akiniita chumbani, Yusuf akiwa amefungwa mgongoni kwake amelala, ananipa anjera, ile mikate yao myembamba ya kumimina, na chai, na kuniuliza mume gani huyu anayemtuma mke kukanyaga klachi. Nilikuwa nikimjibu kwamba ndiyo mahari tuliyokubaliana.

Nikikumbuka miezi iliyofuata naona jinsi watu wenye akili timamu wanavyoweza kupotea pamoja. Gari lilianza kusumbua. Gia zilikuwa zikikwaruza kila Kibet anapobadilisha, ishara kwamba klachi haiachii vizuri. Kwenye mazoezi lilizimika pale pale pa kuanzia, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi vijana wa klabu wakaanza kumuuliza kama amekuja kulima. Tukasema kuna hewa kwenye bomba. Tukatoa hewa. Tukasema pampu ya juu imechoka, ikabadilishwa, kisha ya chini nayo. Pleti mpya ikaanza kunuka kama ile ya kwanza, jambo ambalo klachi ya shaba haipaswi kufanya. Tukasema ni feki. Hakuna kitu cha chuma katika gari lile ambacho hatukukishuku mwaka ule. Tuliutafuta ugonjwa kwenye gari kwa sababu gari ndilo tuliloweza kulifungua.

Nyumbani kulikuwa na mambo mengine, lakini hakuna aliyeyaweka pamoja na hayo. Kiatu cha kushoto cha Kibet kilikuwa kinalika kwenye ncha. Nilikipeleka kwa fundi wa viatu, naye akaniuliza kama mume wangu anacheza mpira na viatu vya kazi. Kizingiti cha jikoni kilimkwaza mara kwa mara, akawa anamlaani mwenye nyumba aliyekijenga. Akiketi kunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, jioni, alikuwa akiubeba mguu ule kwa mikono na kuuweka juu ya kigoda, kwa utani, kama mgeni anayehitaji kukaribishwa. Darasani nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, wanaandika, naenda nyumbani.

Kisha ikafika ile alasiri. Adan alikuwa ameshusha giaboksi tena, na nilipopita mlangoni mwa gereji nilimwona amesimama juani na pleti mkononi, akiigeuza taratibu, akigusa palipoungua. Hakuita mtu. Baadaye nilikuwa ndani na Mama Yusuf tukila wali, naye Kibet alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka shambani. Nikasikia sauti ya Adan kupitia mabati, ya chini, si ile ya kubishana.

"Huyu amekanyaga klachi hakufika chini. Na akaachilia hakufika juu. Sasa niambie, Kibet. Nifunge ya mguu wa nani?"

Nilisubiri jibu. Mama Yusuf alikuwa ameuacha wali akatoka kuanika nguo, na mtoto aliamka akaanza kulia, nikamchukua. Alipotulia, kule gerejini walikuwa wameshaanza kuzungumza mambo ya mvua.

Klachi iliyofungwa safari hiyo ilikuwa kinyume cha ya kwanza kwa kila kitu. Flaiwili nzito ya kiwandani ilirudishwa, na ile nyepesi ikawekwa kuzuia mlango wa gereji usifungwe na upepo. Pleti laini, springi laini. Kwenye pedali Adan alichomelea kipande cha chuma kilicholeta pedali karibu na kiti. Wenzake wa klabu walisema Kibet amefunga klachi ya kwenda nayo kanisani. Mimi sikucheka. Nililia jikoni nikimenya viazi, nikamwomba airudishe ile ngumu, afanye mazoezi, aupe mguu nafasi. Sikuwa najali mbio. Nilitaka tu ile ngumu ibaki, kwa sababu mtu anayekanyaga klachi ngumu ni mtu mzima wa afya, na ilimradi imo garini, basi naye ni mzima. Kibet alichukua kisu akaanza kumenya upande wake. Nikamuuliza kile chuma cha kwenye pedali ni cha nini kwa mtu mwenye miguu mirefu kama korongo. Akasema mguu wake haupendi kunyooka siku hizi.

"Hii ni nzuri, Jero," akaniambia. "Utaona. Hii haitakusumbua."

Nilidhani ulimi umeteleza, kwamba alitaka kusema haitanisumbua.

Mbio zilikuwa kwenye mabua ya ngano, asubuhi yenye baridi na ukungu mwembamba, watu wakila mahindi ya kuchoma kando ya seng'enge. Zamu yetu ilipokaribia, Kibet alikuwa kwenye usukani, mimi upande wangu na karatasi ya njia mapajani. Alikanyaga klachi. Nikaona goti lake likitetemeka. Akatia gia, ikakwaruza, akaitoa. Mbele yetu gari lingine lilikuwa linamalizia kilima. Kibet alizima injini kwa utulivu, akafungua mlango, akauteremsha mguu wake kwa mikono miwili, akazunguka gari akishikilia boneti.

"Nenda ule upande," akasema. "Mimi nitasoma."

Sikuwahi kuendesha gari lile zaidi ya kutoka gerejini hadi nyumbani. Niliketi, nikavuta kiti mbele, nikakanyaga. Na pedali ilikuja chini ya mguu wangu kana kwamba nimeivaa. Nilifika chini bila kusogea ukingoni, nikaachilia, gari likaondoka bila hata kushtuka. Kwenye ule udongo uliochimbwa na waliotutangulia, ambapo wenye flaiwili nyepesi walikuwa wakizimikiwa mmoja baada ya mwingine, letu lilipanda kama trekta. Kibet alinisomea njia kwa sauti ya mtu anayesoma gazeti Jumapili. Kushoto taratibu. Gia ya pili. Usiogope jiwe. Hatukushinda chochote. Tulipofika juu nilikuwa nalia na kucheka, na yeye alikuwa ananitazama kwa furaha ambayo sikuielewa. Nilijiambia ni bahati. Adan alikuwa amemhurumia Kibet akamfungia klachi laini, na kwa bahati ikanifaa mimi. Hivyo ndivyo nilivyoamini, hadi juzi.

Daktari tulimwona baada ya hapo. Alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, akampeleka kwa mwenzake, na yule mwenzake akatuambia kwamba mishipa inayoamuru misuli ilikuwa inakufa, kwamba itaendelea kupanda, na kwamba hakuna dawa ya kuirudisha. Mimi ndiye niliyeuliza maswali. Kibet alimshukuru daktari, akaniuliza kama tutapitia sokoni. La kuvunda halina ubani. Tangu siku hiyo gari la mbio likawa gari la mgonjwa. Nilimpeleka kliniki nalo, nikampeleka Sugoi siku alizotaka kusikia harufu ya udongo, nikampeleka kwa Adan akae kwenye kiti uani na kubishana na wateja. Shingo yake ilipolegea, gari lolote linaloondoka kwa kushtuka lilikuwa linamuumiza. Letu halikumuumiza. Nilikuwa naachilia klachi polepole, lile sinia zito linatubeba wote wawili, na kichwa chake kinabaki palepale kwenye mto. Hakuiona ngano ya mwaka wa pili ikivunwa. Baada ya mazishi nililipaka gari rangi upya kwa sababu sikuweza kuendelea kuusoma ule mlango. Klachi kila ilipochoka nilimpelekea Adan, naye aliibadilisha kwa nyingine kama ile ile bila kuniuliza swali lake. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini mimi peke yangu haniulizi.

Pale chumbani, matangani, wanawake walikuwa wamepungua. Nilimwambia Mama Yusuf, ili kusema kitu tu, kwamba mwanawe ameniuliza klachi ni ya mguu wa nani, nami sikuwa na jibu, maana mzee hakuwahi kuniuliza.

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu ya kulia, lakini yalikuwa yananishangaa.

"Angekuuliza nini na aliambiwa?" akasema. "Kibet alimwambia. Mimi nilikuwa hapo nje naanika nguo."

Nikamuuliza alimwambia nini.

"Alisema, weka ya mguu wa Jerotich. Mimi nitakuwa wa kubebwa." Akapangusa uso kwa ncha ya shungi lake. "Akamwapisha mzee asikuambie, ati utakataa. Mzee amekufa na hiyo ahadi yake. Mimi hakuna mtu aliniapisha."

Basi alijua. Alijua kabla ya daktari, kabla ya mbio, alijua jikoni akimenya viazi mbele yangu na kuniacha nilie kwa ajili ya klachi ngumu. Alijua mguu wake umekwenda, na kitu cha kwanza alichokifikiria ni ufupi wa miguu yangu. Yale mabua, ile zamu aliyonipa, yalikuwa ni kunifundisha kuendesha kabla siku zake hazijafika. Niliegemea bega la Mama Yusuf nikalia, na sasa matanga yalikuwa ya watu wawili. Wanawake walioingia walidhani namlilia Adan, nao hawakukosea.

Nilipotoka jua lilikuwa limeelekea upande wa Sugoi. Yusuf alikuwa bado amesimama karibu na gari, akizungumza na watu waliokuja kutoa pole, na mlango wa gereji ulikuwa umezuiliwa na lile gurudumu jepesi la chuma, limeshika kutu pande zote. Alinijia na kuniuliza taratibu kama nimeamua, ili aagize vitu mapema.

"Weka kama ilivyokuwa," nikamwambia. "Flaiwili usiiguse. Na kile chuma cha kwenye pedali kiache."

"Sawa, Mwalimu. Lakini mzee alisema nisiwahi funga bila kuuliza. Ni ya mguu wa nani?"

"Ya mguu wa Jerotich."

Akakunja uso, akaangalia nyuma yangu kama vile kuna mtu nimekuja naye.

"Jerotich ndio nani?"

"Ni mimi," nikasema.